Kishingo na Jogoo Aliyegoma Kuwika

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Palikuwa na yai, yai likapata joto, joto likawa na mama. Mwenye masikio asogee, mwenye usingizi ajifinye. Na nyie wakubwa mlioegemea mlango, mnaojifanya mmekuja kuchukua kibiriti, kaeni chini. Hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, kuku alikuwa bado hajahamia kwa watu. Hajui banda, hajui kisu, hajui sikukuu. Kuku walikuwa na mji wao wenyewe, pembeni mwa pori, chini ya kichuguu kikubwa chekundu. Mji ukaitwa Kichuguuni.

Kichuguuni waliishi kuku wa kila namna. Wa ukoo wa Kuchi, miguu mirefu, kifua mbele. Wa ukoo wa Kidimu, manyoya yamejikunja utadhani wametoka kupigana na upepo wakashindwa. Wa ukoo wa Kibutu, hawana mkia. Wa ukoo wa Kishingo, shingo tupu, nyekundu, kama waliotoka nyumbani kwa haraka wakasahau kuvaa. Na si kuku tu. Kanga waliishi humo. Bata waliishi humo. Mchana walisukumana, walitaniana, walinyang'anyana mende. Jioni wakalala pamoja.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Majogoo waliwika alfajiri, kwa zamu. Bata walilinda kijito. Nyoka akijitokeza tu, "Kwa! kwa! kwa!" Kanga walitazama juu. Mwewe akionekana, hata akiwa mdogo kama chawa huko mawinguni, "Kekereke! kekereke! kekereke!" Na kila mtu chini ya miiba, pyuu!

Kwa hiyo kuku hakuwa na haja ya kutazama juu. Kuku alikuwa akinywa maji, kainamisha kichwa, ananywa tu, ananywa tu, kwa raha zake. Likumbukeni hilo. Tutalirudia.

Na kuku wa kike kazi yao ilikuwa joto. Maana Kanga anataga vizuri, lakini msahaulifu. Akisikia habari ya upande wa pili wa pori, huinuka juu ya mayai yake kwenda kuisikiliza vizuri. Bata naye hutaga popote tumbo linapomshikia. Basi ikawa desturi. Kuku akianza kuatamia, jirani huja na mayai yake, huyapenyeza pole pole.

"Dada, nisaidie na haya."

"Lete, penyeza huku kushoto, kulia kumejaa."

Hakuna aliyeuliza hili la nani, lile la nani. Mtoto akitoka, akitembea kama bata, basi ni bata. Yamekwisha.

Mwaka huo aliyeatamia alikuwa Kishingo. Ndiye mwenye hadithi huyu. Alikuwa na mayai yake tisa, matatu ya Kanga, mawili ya Bata. Alitandaza mbawa, akajaza kiota, akatulia. Koo, koo, koo.

Na mwaka huo mvua ikakataa.

Mvua isiponyesha kumbikumbi hawatoki. Na kumbikumbi, wajukuu zangu, Kichuguuni ndiyo ilikuwa nyama, ndiyo mafuta, ndiyo harusi. Watu walikiangalia kichuguu asubuhi, walikiangalia jioni. Kimya. Aliyekuwa na chakula ni mmoja tu, Mzee Kibutu, mkuu wa mji, jogoo mnene asiye na mkia. Yeye alikuwa na shimo la mtama nyuma ya nyumba. Alilikalia mwenyewe, kama yai.

Sasa palikuwa na jogoo mmoja wa ukoo wa Kuchi. Tutamwita Kuchi, maana ndivyo alivyotaka aitwe, kana kwamba ukoo mzima ni yeye. Mwaka uliopita alipigana na Kidimu kwa ajili ya mende mmoja, akapigwa, akaangukia kijitoni, chubwi! Mji mzima ulicheka. Hata Bata alicheka, na Bata huchelewa kuelewa. Kuchi hakusahau kile kicheko. Mende alimsahau, kicheko hakukisahau.

Siku moja ya njaa Kuchi akapanda juu ya kichuguu. Akapiga mbawa, pa! pa!

"Ndugu zangu kuku! Kumbikumbi wetu wako wapi?"

Kidimu alikuwa anapita. Akajibu, "Wako ndani. Wanangoja mvua, kama wewe na mimi."

"Uongo! Kumbikumbi wameliwa na Kanga!"

"Lini? Kanga nililala naye jana, tumbo lake linanguruma kuliko langu."

"Zamani," akasema Kuchi, akafumba macho kama anayeonja asali, "zamani Kichuguuni palikuwa na kuku watupu. Hakuna Kanga, hakuna Bata. Na kumbikumbi walitoka kila siku, masika na kiangazi, wanene kama panya!"

"Nani aliwaona?"

"Babu yangu."

"Babu yako si alikuwa yai la kuokotwa?"

Kwe-kwe-kwe-kwe! Wakacheka, wakaondoka. Walibaki watatu. Mmoja alikuwa na njaa. Mmoja alikuwa mjinga. Wa tatu alikaa pale kwa sababu kichuguu kina kivuli. Watatu tu, wajukuu zangu. Jambo kubwa halianzi na wengi.

Kesho yake wakawa saba. Maana njaa iliongezeka, na kusikia kwamba njaa yako ina jina, ina manyoya na inakaa jirani, kunaliwaza. Mvua utaigombeza wapi? Kanga yupo hapo hapo.

Siku ya tatu akapita shorobo, yule ndege wa msituni mwenye mbawa nyekundu. Hakuwa na habari na mtu, anakwenda zake. Akadondosha unyoya. Kuchi akauokota, akauchomeka kichwani nyuma ya kilemba.

"Huu," akasema, "ndio unyoya wa asili wa kuku!"

Unyoya wa shorobo! Lakini ulipendeza. Mkweli husema ukweli. Ulipendeza.

Walioupenda zaidi ni mapora. Mnawajua mapora? Majogoo wachanga, mkia haujamaliza kuota, sauti haijakaa. Akitaka kuwika hutoa kama mlango mbovu, kwiii-kro! Wakati wa njaa mapora hawana kazi, hawana kumbikumbi, hawana kuku wa kike anayewatazama. Kuchi akawaita. Akawapaka udongo mwekundu vichwani. Akawapanga mstari juu ya kichuguu, akawaambia wakanyage kwa pamoja.

Pu! Pu! Pu!

Hebu na nyie pigeni miguu. Pu! Pu! Pu! Tena! Pu! Pu! Pu! Tamu, eh? Mwili unasisimka, eh? Haya basi, acheni. Nimesema acheni, mtazoea! Mnaona? Ndivyo ilivyoanza.

Miongoni mwa mapora hao alikuwemo Mwiba, mtoto wa Kishingo wa mwaka uliotangulia. Akaja mbio kiotani, kichwa chekundu tope.

"Mama! Mama, nitazame! Mimi ni mlinzi!"

"Unalinda nini, mwanangu?"

"Asili!"

"Inaliwa?"

"Mama bwana!"

Wazee wa mji wakamwendea Mzee Kibutu. "Mzee, huyu Kuchi anapotosha watoto. Mshushe pale."

Mzee Kibutu akacheka tumboni, ko-ko-ko. Akawaambia, "Mwacheni. Watu wenye njaa lazima watazame mahali. Wakimtazama Kanga, hawatatazama shimo langu. Nikimchoka nitamshusha kwa ukucha mmoja."

Akampa Kuchi kichuguu rasmi. Akampa na mtama kidogo wa kuwalisha mapora. Kidogo tu, kwa kazi kidogo tu.

Ndipo Kuchi akapata neno lake kubwa. Aliwakusanya wote, akauliza, "Nani huleta jua?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Jogoo huwika," akasema Kuchi, "kisha jua hutoka. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Siku yoyote jua lilitoka jogoo asiwike?"

Wakafikiri. Kweli, hawajawahi kuona siku kama hiyo. Majogoo walikuwa hawakosi zamu.

"Basi kuanzia leo nawika mimi peke yangu. Majogoo wengine wafunge midomo. Jua limekuwa likisikia sauti nyingi, limechanganyikiwa, ndiyo maana ya ukame. Nikiwika, kunakucha. Nisipowika, hakukuchi!"

Msiwacheke sana. Ni kosa la kuku. Kuku wote tangu mayai husikia wiko, kisha huona mwanga. Nani kati yao angepambanua?

Mapora wakalishika neno, wakalifanya wimbo.

"Asipowika?"

"Hakukuchi!"

"Asipowika?"

"Hakukuchi!" Pu! Pu! Pu!

Siku iliyofuata akafukuzwa Kanga.

"Hana kilemba! Ana pembe utosini!" wakapiga kelele mapora. "Ana madoadoa! Hata Mungu alikuwa bado hajaamua rangi!"

Kanga akasimama katikati, shingo inacheza huku na huku. Akasema, "Sawa, nina pembe. Lakini nikitoka, nani atatazama juu?"

Kuchi akajibu, "Juu nipo mimi."

Wakapiga vigelegele. Jibu zuri lile, lina mshindo. Kuna majibu mazuri yasiyojibu kitu.

Kanga akapita kiotani kwa Kishingo, analia. "Dada, mayai yangu."

"Nenda," akasema Kishingo. "Usiende mbali. Yai halijui ukoo, linajua joto. Wakitoka nitakuita."

Baada ya siku mbili ikawa zamu ya Bata. Kosa lake? Kutembea.

"Mtazameni anavyotembea! Anayumba! Kuku wa kweli hukanyaga pu pu pu!"

Bata akasema, "Miguu yangu ni ya maji, wanangu, si ya ngoma." Akaenda, laba-laba-laba, akavuka kijito. Kijito kikabaki hakina mlinzi.

Nje, juu ya mti mkavu, alikaa Mwewe. Alipiga mbawa zake kubwa kwa furaha.

"Maneno mazuri! Mji umekuwa safi! Mimi huku juu nauona vizuri sana siku hizi!"

"Mnasikia?" Kuchi akajisifu. "Hata wageni wakubwa wanatuheshimu. Mwewe ni rafiki. Tangu nizaliwe hajala kumbikumbi wetu hata mmoja!"

Na kumbikumbi, je, walitoka? Hawakutoka. Kuchi akasema bado kuna wageni wamejificha. Wapi? Kwenye mayai. Akatoa amri. Yai la kuku hupasuka siku ya ishirini na moja. Lisilopasuka siku hiyo si letu, livunjwe.

Kishingo akaisikia amri hiyo juu ya mayai yake. Anajua hesabu ile, kila mama anaijua. Yai la kuku siku ishirini na moja. La kanga na la bata, wiki nzima zaidi.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Ti! Ti! Ti! Vifaranga tisa wakatoka, wamelowa, wazuri kama mbegu za pamba. Mayai matano yakabaki kimya. Kishingo akayakalia.

Mapora wakaja, pu pu pu, wakasimama mlangoni. Akaingia Mwiba, mwanawe.

"Mama, inuka."

"Habari za asubuhi kwanza."

"Shikamoo, mama. Inuka."

"Marahaba. Siinuki."

"Mama, ni amri. Yai lililopita siku ishirini na moja ni la kigeni."

Kishingo akamtazama. Akashusha sauti, wale wa nje wasisikie. "Mwanangu, mwaka jana wenzako walitoka wote siku moja. Yai moja likabaki. Majirani wakaniambia, Kishingo, inuka, hilo limeoza, utakufa njaa. Nikakaa. Siku ya ishirini na mbili likalia ti, ti, ti. Unajua alitoka nani?"

Mwiba akajikuna. Udongo mwekundu ulikuwa umemkauka kichwani, ukaanza kumwasha.

"Ulichelewa siku moja," akasema mama yake. "Na mpaka leo ukiitwa kula tu ndipo huchelewi."

Nje wakapiga kelele, "Mwiba! Kuna nini humo?"

Mwiba akatoka. Akasema, "Mawe."

"Mawe?"

"Mama yangu amechoka akili. Anaatamia mawe."

Wakacheka, wakaanguka, wakaenda zao wakiimba, "Mama mawe! Mama mawe!" Mwiba akaenda nao. Alicheka kwa sauti kuliko wote, machozi yakimtoka.

Sasa ndiyo taabu ya Kishingo ikaanza. Mayai yako chini, vifaranga wako nje. Akiinuka, mayai yatapoa. Asipoinuka, watoto wanatawanyika uani na hakuna anayetazama juu. Siku ya pili yake hakusikia kekereke. Alisikia upepo tu, fyuuu. Tisa wakawa wanane. Siku ya nne, fyuuu. Wanane wakawa saba. Kishingo akawaita waliobaki chini ya mbawa, juu ya mayai, mmoja juu ya mwenzake, mpaka akawa kama furushi la mfuaji.

Akapaza sauti, "Mwewe anatumaliza!"

Kuchi akajibu kutoka kichuguuni, "Ni Kanga huyo, amejigeuza!"

Hadithi hii ina vicheko, wajukuu zangu, nami nacheka nikiisimulia. Lakini wale wawili hawakurudi.

Na Kuchi hakuweza kuishia hapo. Aliyezoea kufukuza, akikosa wa kufukuza huwashwa. Akafukuza ukoo wa Kidimu, kisa manyoya yamejikunja. "Kuku wa kweli amenyooka!" Kidimu alitoka anacheka, "Afadhali, miguu ilikuwa inaniuma kwa ile pu pu." Kisha Kuchi akamtazama Mzee Kibutu.

"Mzee, mkia wako uko wapi?"

"Mkia?" Mzee Kibutu akageuka kutazama nyuma, kana kwamba huenda umeota. "Kuchi, mimi ndiye niliyekupa kichuguu!"

"Ulinipa. Ahsante. Toka."

Mzee akainua ule ukucha wake mmoja. Mapora ishirini wakamzunguka, mapora aliowalisha mwenyewe. Mzee akatoka, na mpaka jioni shimo la mtama lilikuwa tupu.

Akabaki Kishingo na shingo yake tupu, naye angefukuzwa siku yoyote. Lakini siku ya ishirini na saba, pora mmoja akachungulia kiotani. Akaona yale mawe yanatikisika.

"Mayai! Mayai ya kigeni!"

Kuchi akawaka. Ila alikuwa mjanja, hakutaka kuyavunja yeye. Alitaka mji wote umwombe. Akapanda kichuguu, akasema, "Kishingo asipoyatupa mayai yale kwa mguu wake mwenyewe leo kabla ya giza, kesho siwiki! Hakutakucha. Mtakaa gizani, nyie na watoto wenu, milele!"

Uuuwi! Mji ukashikwa na wazimu. Kuku wote wakaenda kiotani, wanakanyagana.

"Dada Kishingo, tuonee huruma!"

"Mayai matano tu, dada! Jua ni la wote!"

"Nina watoto, Kishingo! Kwenye giza watakula nini?"

Na Mwiba akaja wa mwisho. "Mama, nilidanganya kwa ajili yako. Lakini jua, mama. Jua siwezi kulidanganyia."

Msidhani Kishingo alikuwa mjanja kuliko wao. Naye aliamini. Tangu yai alikuwa akisikia wiko kwanza, mwanga baadaye. Alitetemeka mpaka mayai yakagongana chini yake, ko ko ko.

Akasema, "Kwa hiyo kesho ni giza?"

"Giza!"

"Na baridi?"

"Baridi kali!"

Kishingo akatandaza mbawa zaidi. "Basi watahitaji joto. Wacheni nikae."

Wakamlaani. Wakamlilia. Kisha wakajikunyata wote pale uani kumzunguka, kwa hofu. Hawakuwa na pa kwenda. Wakangoja.

Saa ya wiko ikafika. Kuchi amesimama juu ya kichuguu, mdomo kaufunga, unyoya mwekundu umesimama. Kimya. Hata chura hakuthubutu.

Kimya.

Kisha kule upande wa mashariki pakawa na kitu kama maziwa yaliyomwagika.

Kuku mmoja akanong'ona, "Kile nini?"

"Usitazame. Haijawikwa."

Maziwa yakawa rangi ya chungwa. Kuku akaona miguu yake. Akaona miguu ya mwenzake. Akaona tope la mwenzake usoni.

"Jirani, mbona nakuona?"

"Nami nakuona. Nyamaza, pengine ni makosa."

Kuchi juu pale jasho linamtoka. Akiwika, amelivunja neno lake. Asipowika, jua lile linakuja kama halikuambiwa. Afanye nini? Akafumba macho kwa nguvu, akapiga kelele, "Bado ni usiku!"

Mapora wakafumba macho, wakaitikia, "Bado ni usiku!" Pu! Pu! Wakaanza kukanyagana, maana wamefumba macho. Mmoja akamkanyaga mwenzake kidole. "Aii! Si utazame!" "Nitatazamaje, ni usiku!"

Na jua likatoka. Lote. Duara. Bila hodi.

Hapo chini ya Kishingo pakalia, ti! Likatoka toto la kanga, limelowa, mistari mgongoni, likainua kishingo chake, likasema kwa sauti ya sindano, "Kekereke!"

Mwiba alikuwa amesimama karibu. Alitazama jua. Alitazama toto. Alimtazama Kuchi aliyefumba macho. Akaanza kucheka. Kwi. Kwi-kwi. Kwiii-kro! Akashika mbavu. Na kuku wa pili akacheka, na wa tatu, na nyuma ya vichaka walikojibanza, wale waliofukuzwa, Kidimu, Mzee Kibutu, Bata, wakacheka mpaka Bata akaanguka chali. Mji ulikuwa haujacheka tangu ile chubwi ya kijitoni.

"Bado ni usikuuu!" Kuchi anapiga kelele.

Wamemsahau nani? Mwewe! Kule juu anaona mji mzima uko wazi, umefungua midomo, na juu kabisa ya kichuguu kuna kinono kimoja kimefumba macho, kina unyoya mwekundu wa kuonyesha njia. Fyuuuu!

"KEKEREKE! KEKEREKE! KEKEREKE!"

Nani huyo? Kanga mwenyewe, kutoka kichakani! Hakwenda mbali. Kuku wote, pyuu, chini ya miiba. Hata Kuchi, mwili wake ulikumbuka sauti ile kuliko kichwa chake. Akafungua jicho moja, akaruka. Ngwaf! Mwewe akapata mkia. Mkia wote. Akaondoka nao angani, anatema manyoya, analaani, "Rafiki mkavu huyu!"

Kuchi akatua katikati ya uwanja. Polepole akageuka kutazama nyuma. Hakuna kitu. Laini, kama kiganja.

Mzee Kibutu akatoka kichakani, akamzunguka mara mbili. "Karibu kwenye ukoo," akasema. "Majira ya baridi funika kwa majani."

Mapora wengine walitaka kumfukuza. "Hana mkia! Atoke! Atoke!" Pu! Pu!

"Nyie!" Kishingo akafoka, naye bado hajainuka, maana mayai manne yalikuwa hayajapasuka. "Mnaanza tena? Akae. Lakini kichuguuni hapandi mtu."

Ikawa hivyo. Mzee Kibutu naye hakurudishiwa ukuu, akapewa zamu ya kuchimba minyoo kama wenzake. Kanga akarudi, Bata akarudi, Kidimu akarudi, na mayai manne yakapasuka, moja moja, mpaka jioni. Mwiba aliyalinda mlangoni, kichwa amekiosha. Na mvua ilipokuja, kumbikumbi wakatoka, wanene kama panya. Kumbikumbi mmoja akalalamika, "Hata kwenye yale manyunyu ya kwanza tulitaka kutoka. Lakini kila tukifungua mlango, pu pu pu, mnatufunga kwa miguu!"

Kanga akachukua zamu yake ya kutazama juu. Lakini Kishingo akasema, "Mimi nimepoteza wawili kwa kumwachia mtu mmoja mbingu." Tangu siku hiyo kuku akinywa tone la maji, huinua kichwa. Tone moja, anatazama juu. Tone jingine, anatazama juu. Nendeni kesho mkamtazame, kama nasema uongo.

Na ule unyoya mwekundu? Haukupotea. Ulianguka vumbini, vumbi likaufunika. Kila miaka kadhaa, kumbikumbi wakiwa haba, pora fulani anapekuapekua, anauokota. "Jamani, tazameni, unyoya wa asili!" Mama yangu alisema yeye ameuona umeokotwa mara mbili. Bibi yangu mara tatu. Na kila mara yule aliyeuokota alidhani ni wa kwanza, na waliocheka walidhani ni watatu tu.

Basi funzo ni hili, nalisema wazi ili asiwepo wa kusema hakusikia. Ukiwa na njaa, mwogope anayekuonyesha jirani yako badala ya shimo la mtama. Anayefukuza wenzako leo anakutafutia kosa lako kesho, na kama hulioni, atalipata kwenye mkia. Na jogoo awike, asiwike, kutakucha. Asipowika?

Kutakucha!

Asipowika?

Kutakucha!

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya ganda la yai lililopasuka. Atakayeliokota asiulize ni la nani. Aulize, mtoto yuko wapi, amepata joto?

Haya, ondokeni, mmenikalia kanga yangu. Na wewe unayepiga miguu huko nyuma, nakuona.